Asili ya Mtoano katika Mpira wa Marekani

Wako Marekani watu wanaocheza mpira kwa mshahara, lakini mpira wao si huu wetu wa miguu. Umechongoka ncha mbili, hushikwa mikononi, huchukuliwa mbio au kurushwa hewani, na kila upande hujitahidi kuuvusha mstari wa mwisho wa upande wa pili. Auvushaye mstari hupata pointi 6. Aupigaye teke kutoka uwanjani ukapita kati ya nguzo hupata 3. Hatukusudii kueleza sheria zake zote, maana ni nyingi mno, na Wamarekani wenyewe hubishana juu yake kila wiki. Twataka kueleza neno moja tu: msimu ukiisha, bingwa hujulikanaje? Neno hili laonekana dogo, lakini liliwagombanisha watu miaka mingi, na uko mji mmoja wa wachimba makaa ambao haujasahau hata leo.

Katika ligi nyingi za mpira wa miguu hesabu ni nyepesi. Kila timu hukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini. Mwisho pointi hujumlishwa, na mwenye nyingi ndiye bingwa. Mpira wa Marekani hauwezi kwenda hivyo. Wachezaji hugongana kwa miili yao yote, na mifupa huvunjika, kwa hiyo mtu hawezi kucheza zaidi ya mara moja kwa wiki. Leo ligi yao, ambayo kwa ufupi huitwa NFL, ina timu 32, na tangu mwaka 2021 kila timu hucheza michezo 17 tu. Katika michezo hiyo hukutana na timu 14. Zile 17 zilizobaki haizioni kabisa. Basi timu moja ikishinda mara 12 na nyingine mara 11, nani atasema kwa yakini ya kwanza ni bora, iwapo hazikucheza na watu wale wale? Shida yote yatoka hapo, nayo ilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe ilikuwa tarehe 17 Septemba 1920, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Wenye timu walikutana ndani ya duka la motokaa la Ralph Hay. Viti havikutosha, na wengine wao wakakaa juu ya vikanyagio vya motokaa zilizowekwa pale kuuzwa. Wakamchagua Jim Thorpe awe rais wao, mchezaji mashuhuri wa kabila la Sac na Fox, wenyeji wa asili wa nchi ile. Wakapatana mambo mengi, lakini hawakupatana juu ya ratiba. Kila mwenye timu alijitafutia watu wa kucheza nao, popote alipotumaini kupata watazamaji wa kulipa kiingilio. Huyu akacheza mara nane, yule mara kumi na tatu. Ubingwa ukawa jambo la kupigiwa kura mkutanoni. Wa mwaka 1920 walipewa Akron, ambao hawakushindwa hata mara moja, nao walipewa tarehe 30 Aprili 1921, wakati matope ya viatu yalikuwa yamekauka zamani.

Mwaka uliofuata ugomvi ukawa wazi. Timu ya Buffalo, mali ya Frank McNeil, ilikutana na timu ya Chicago iliyoitwa Staleys, iliyoongozwa na George Halas. Ilikuwa tarehe 24 Novemba 1921, na Buffalo wakashinda 7 kwa 6. Halas akaomba wakutane tena. McNeil akakubali, lakini akatangaza magazetini kwamba ubingwa ni wake tayari, na mchezo huo wa pili ni wa kujifurahisha tu, hauingii hesabuni. Tarehe 3 Desemba vijana wake walicheza na Akron wakawashinda. Usiku ule ule wakapanda gari la moshi, na kesho yake wakateremka Chicago na uchovu wao, wakacheza, wakashindwa 10 kwa 7. Sasa kila timu ilikuwa imeshindwa mara moja. Wakuu wa ligi walipokaa mwezi wa Januari 1922 walitoa hukumu hii: timu mbili zikikutana mara mbili, mchezo wa pili una uzito kuliko wa kwanza. Ubingwa ukaenda Chicago. Tunamwomba msomaji aikumbuke hukumu hii, kwa kuwa tutaikuta tena mbele.

Baada ya hayo bingwa akahesabiwa kwa mafungu ya mia: michezo timu iliyoshinda iligawanywa kwa jumla ya ile iliyoshinda na ile iliyoshindwa. Sare zilitupwa, kana kwamba siku hiyo hakuna aliyecheza. Lakini ratiba ya ligi ilikuwa bado haipo, na aliyeona amepungukiwa aliweza kujiongezea michezo mpaka siku ya mwisho iliyowekwa. Mlango huu ulioachwa wazi ndio ulioleta kisa cha Pottsville.

Pottsville ni mji mdogo wa Pennsylvania, penye machimbo ya makaa ya mawe. Timu yake, Maroons, ilipendwa sana na wachimbaji, watu waliokaa chini ya ardhi wiki nzima na kutoka Jumapili kutazama mpira. Tarehe 6 Desemba 1925 Maroons walikwenda Chicago, wakawapiga Cardinals 21 kwa 7 huko huko kwao. Watu wote wakaona neno limekwisha. Kisha wakaalikwa Philadelphia kucheza na wachezaji waliopata sifa katika chuo cha Notre Dame, mchezo wa kuleta fedha nyingi. Lakini Philadelphia ilikuwa ndani ya mipaka ya timu nyingine ya ligi, Frankford, na sheria ilikataza mtu kucheza katika mipaka ya mwenziwe pasipo idhini. Joe Carr, rais wa ligi wakati huo, aliwaonya. Mwenye timu, Daktari John Striegel, alidai kwamba ameruhusiwa kwa simu na mmoja wa maofisa wa ligi. Wakaenda, wakacheza tarehe 12 Desemba, wakashinda 9 kwa 7. Carr akawasimamisha katika ligi, na timu iliyosimamishwa haiwezi kuwa bingwa.

Wakati huo Cardinals nao walikuwa wamejiongezea michezo miwili ya haraka ili hesabu yao ipande. Katika mmoja waliwapiga watu wa Milwaukee 59 kwa 0, na baadaye ikajulikana kwamba upande wa Milwaukee walichezeshwa vijana wanne wa shule, wanafunzi, wasiokuwa na haki ya kucheza na watu wa mshahara. Carr akatoza faini na kutoa adhabu. Mwenye Cardinals, Chris O'Brien, alipopewa ubingwa aliukataa, kwa kuwa hakuona haki kuutwaa. Twamsifu mtu huyu. Si wengi wafanyao hivyo. Lakini miaka ilipopita timu ikauzwa, na wenyewe wapya wakaudai ubingwa ule, na vitabu vya ligi vimeandika Cardinals. Wahenga walisema, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Je, watu wa Pottsville walikataa kushindwa? Mbele ya Cardinals uwanjani walishinda, walishindwa mezani.

Mtu angedhani kwamba baada ya kisa kama hicho wakuu wangeitengeneza njia mara moja. Hawakuitengeneza. Ilibidi ije theluji ya mwaka 1932.

Msimu ule Bears wa Chicago, ndio Staleys wa zamani waliobadili jina, walianza vibaya ajabu: katika michezo minne ya kwanza hawakupata hata pointi moja, wakaenda sare mara tatu na kushindwa mara moja. Baadaye walikaza, na mwisho walikuwa wameshinda 6, wameshindwa 1, na sare 6. Spartans wa Portsmouth, mji wa Ohio, walikuwa wameshinda 6, wameshindwa 1, na sare 4. Sare zikitupwa, hesabu zao ni sawa kabisa. Hata walipokutana wao kwa wao walikuwa wameenda sare mara mbili, 13 kwa 13 na 7 kwa 7. Kura gani ingewaamua? Ikaamriwa wacheze mchezo mmoja zaidi, Chicago, tarehe 18 Desemba.

Theluji ikaanguka na baridi ikazidi, hata uwanja haukufaa. Wakaingia ndani ya jumba kubwa liitwalo Chicago Stadium. Sarakasi ilikuwa imefanyika humo karibuni, na udongo wake ulikuwa umebaki sakafuni, pamoja na harufu ya wanyama. Uwanja wa kawaida una yadi 100 kutoka mstari mpaka mstari. Mle ndani, hata pamoja na sehemu za nyuma ya mistari, nafasi yote ilikuwa yadi 80. Ukingo wake ulifika penye viti vya watazamaji. Portsmouth nao walikosa mchezaji wao bora, Dutch Clark. Yeye alikuwa amekwisha kwenda Colorado kufundisha mpira wa kikapu katika chuo kimoja, na wakuu wa chuo hawakumpa ruhusa. Ndiyo hali ya siku zile: mchezaji hodari kuliko wote hakuweza kuacha kazi yake nyingine kwa ajili ya mchezo wa ubingwa.

Watu 11,198 walitazama. Mpaka kipindi cha nne hakuna aliyepata kitu. Ndipo Bronko Nagurski wa Bears, mtu wa miraba minne, alipopewa mpira karibu na mstari, akajifanya anakwenda kuwavunja watu kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akarudi nyuma kidogo akamrushia Red Grange, akaudaka ng'ambo ya mstari. Portsmouth wakapiga kelele: sheria ya wakati huo ilimtaka mrushaji awe yadi 5 nyuma ya mahali mpira ulipoanzia, na Nagurski, walisema, hakufika hapo. Mwamuzi hakuwasikiliza. Bears wakamaliza 9 kwa 0.

Sasa tazameni hesabu ilivyo. Mchezo ule ulitiwa katika orodha ya msimu, kwa hiyo Portsmouth, waliokuwa sawa na wa kwanza, walianguka mpaka nafasi ya tatu kwa siku moja. Wa pili wakawa Packers wa Green Bay, walioshinda michezo 10, wakashindwa 3, na sare 1. Walishinda mara nyingi kuliko wote, na hawakualikwa hata kucheza ule mchezo wa mwisho! Tangu mwaka 1972 ligi huhesabu sare kuwa nusu ya ushindi. Tukiitumia kanuni hiyo kwa mwaka 1932, Packers hupata 75 kwa mia, na Bears, hata pamoja na ushindi wao wa jumbani, hupata 71. Bingwa angekuwa Green Bay. Walimu wa hesabu wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuwapa wanafunzi wao wajaribu wenyewe. Ni zoezi zuri, nalo laonyesha kwamba kanuni ya kuhesabu yaweza kumvika mtu taji au kumvua.

Lakini watu hawakuongea habari za Green Bay. Waliongea habari za jumbani, jinsi ilivyopendeza kuona timu mbili zikikata shauri mbele ya macho ya wote. Mwaka 1933, kwa shauri la George Preston Marshall wa Boston na Halas, timu zikagawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, na washindi wa sehemu hizo wakawekewa mchezo mmoja wa mwisho kila mwaka. Sheria ya yadi 5 ikafutwa vile vile. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa tarehe 17 Desemba 1933, na Bears wakawashinda Giants wa New York 23 kwa 21. Kura za mkutanoni zikaisha.

Miaka iliyofuata twaweza kuipita upesi. Mwaka 1960 ligi nyingine, AFL, ilianza kucheza na kushindana na NFL kwa wachezaji na fedha, mpaka gharama zikawaelemea wote wawili, wakapatana mwaka 1966. Mabingwa wao walikutana mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1967, na Packers wakawashinda Chiefs 35 kwa 10. Mchezo huo ndio ujulikanao leo kwa jina la Super Bowl. Mwaka 1970 ligi zikawa moja yenye pande mbili, AFC na NFC, na timu 8 zikaingia katika mtoano. Zikawa 10 mwaka 1978, 12 mwaka 1990, na 14 tangu mwaka 2020. Sababu ya kuongeza si haki tu. Kila mchezo wa mtoano ni fedha, na timu zenye matumaini huwaleta watazamaji hata wiki za mwisho.

Njia yenyewe leo ni hii. Kila upande una timu 16, katika makundi manne ya timu nne nne. Mshindi wa kila kundi huingia, na baada yao huchukuliwa timu tatu nyingine zenye hesabu nzuri. Nafasi hizi tatu Wamarekani wamezipa jina la karata ile iwezayo kushika mahali pa karata yo yote. Jumla ni saba. Washindi wa makundi hupangwa nafasi ya kwanza hata ya nne, na hao watatu ya tano hata ya saba. Wa kwanza hupumzika. Wa pili humpokea wa saba, wa tatu humpokea wa sita, wa nne humpokea wa tano, kila mwenye nafasi ya juu akichezea kwao. Ashindwaye hurudi nyumbani mpaka msimu mwingine. Wiki inayofuata wa kwanza humpokea aliye chini kuliko wote waliobaki, na wale wengine wawili hukutana. Kisha wawili waliosalia huamua bingwa wa upande, na mabingwa wa pande mbili hukutana mwezi wa Februari katika mji uliochaguliwa miaka mapema. Timu 14, michezo 13, maana kila mchezo humtoa mmoja.

Timu zikilingana, iko orodha ndefu ya mizani. Zile za kundi moja hupimwa kwanza kwa michezo yao wenyewe kwa wenyewe, kisha michezo ya kundini, kisha michezo na wapinzani wale wale, na kuendelea hivyo. Mzani wa mwisho kabisa ni kurusha sarafu.

Neno la kuchezea kwao si dogo. Kabla ya mwaka 1975 uwanja ulipangwa kwa zamu, si kwa ubora. Mwaka 1972 Dolphins wa Miami walishinda michezo yao yote 14, na bado ilibidi waende Pittsburgh tarehe 31 Desemba, kwa timu iliyoshindwa mara tatu. Walishinda 21 kwa 17, kisha wakashinda Super Bowl, na hakuna timu nyingine iliyomaliza msimu mzima na mtoano wa Super Bowl pasipo kushindwa. Lakini zamu ile haikuwa haki, na ilifaa iondolewe.

Iliyobaki nayo ina kasoro zake. Mwaka 2010 kundi la Magharibi la NFC lilikuwa dhaifu, na Seahawks wa Seattle waliliongoza ingawa walishinda 7 na kushindwa 9. Kwa kuwa ni washindi wa kundi, waliwapokea kwao Saints wa New Orleans, mabingwa wa mwaka uliotangulia, walioshinda 11 na kushindwa 5. Timu mbili zilizoshinda mara 10 ziliachwa nje kabisa. Watu wengi wakacheka. Tarehe 8 Januari 2011 Seattle wakashinda 41 kwa 36, na vishindo vya watazamaji vilisomwa na mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi.

Kubwa zaidi ni la Patriots wa New England. Mwaka 2007 walishinda michezo yote 16. Wa mwisho wao, tarehe 29 Desemba, waliwashinda Giants wa New York 38 kwa 35. Giants walikuwa wameshindwa mara sita, na waliingia katika mtoano kwa zile nafasi za nyongeza. Wakashinda ugenini mara tatu, na tarehe 3 Februari 2008 wakakutana tena na Patriots katika Super Bowl, wakashinda 17 kwa 14. Hapo msomaji aikumbuke ile hukumu ya Januari 1922: mchezo wa pili una uzito kuliko wa kwanza. Lililoonekana kwa watu wa Buffalo kuwa dhuluma limekuwa msingi wa nyumba nzima. Tofauti ni kwamba McNeil aliambiwa baada ya kucheza, na Patriots walijua kabla.

Kwa maoni yetu tofauti hiyo si ndogo. Mtoano haumtafuti aliye bora. Kama ungemtafuta, mwaka 1932 ungekwenda Green Bay na mwaka 2007 ungekwenda New England. Humtafuta yule ambaye hakuna awezaye kumpokonya taji mkutanoni, kwa kuwa wote walijua siku, uwanja na masharti, nao wakaona kwa macho. Patriots walilia, lakini hawakupeleka mashtaka.

Pottsville wao walipeleka. Timu yao ilihama mwaka 1929, na wachezaji wote wa siku zile wamekwisha kufa, lakini mji uliendelea kudai. Mwaka 2003 wenye timu za NFL walipiga kura kama kisa cha mwaka 1925 kifunguliwe tena. 30 walikataa, 2 walikubali. Watu wa Pottsville walikuwa wamekwisha kujitengenezea kombe lao wenyewe, mpira uliochongwa kwa makaa ya mawe ya milima yao. Umewekwa katika jumba la kumbukumbu la mpira huo, katika mji wa Canton.